Majani ya Nyuma ya Goli

Jumapili, jioni. Upepo wa Juni uliamka kabla yangu leo na bado haujachoka. Jua lipo, lakini ni la kuangalia tu, haliwashi. Midomo imepasuka. Mwezi huu hapa Sumbawanga mtu anavaa koti juu ya koti, halafu anakuambia hali ya hewa si mbaya.

Nimekaa mezani tangu saa kumi na moja. Skola, mke wangu, yuko jikoni na hanisemeshi. Hasira ya Skola naijua, ina kelele, mabakuli yanagongana mpaka jirani anajua nimefanya nini. Leo mabakuli yametulia. Hilo ndilo linalonitisha.

Nyinyi wachache mnaosoma hapa mmezoea niwaandike majirani: yule anayefuga kanga ili aonekane ana shamba, yule anayeimba kwaya kwa sauti ya kukopi. Leo namwandika mtu mwingine. Namjua vizuri, tunanyoa ndevu pamoja kila asubuhi.

Kwa mgeni: mimi ni mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Barua ya ajira inasema kazi yangu ni kutunza vifaa. Ukweli ni kwamba naosha vyombo. Huu ni mwaka wa kumi na nane. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ukisimama nyuma ya darasa miaka yote hiyo ukisubiri wamalize ili uoshe, kemia inakuingia kama moshi wa jikoni unavyoingia kwenye nguo. Najua kipi kinalipuka, kipi kinanuka, na mwalimu yupi anabahatisha. Wanafunzi wananiita Profesa. Wao wanatania. Mimi nimekuwa nikiitika.

Ugonjwa ulianzia hapo.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimechachamaa, alikuja shuleni mtafiti kutoka chuo kikuu. Daktari Atupele, dada wa Mbeya, mpole, viatu vyake vimezoea tope. Alikuwa anakusanya majani ambayo watu wanatumia kama dawa, ayapeleke maabara yao kubwa ayakamue, aone ndani yake kuna nini. Alitaka mwenyeji anayejua njia, anayejua Kifipa, na anayejua walau tofauti ya spiriti na maji. Mkuu wa shule akaninyooshea kidole mimi. Nilijisikia nimeongezeka urefu.

Nikampeleka kwa mama mkwe wangu.

Mama yake Skola anakaa kijiji cha ukingoni, pale uwanda wetu unapokatika ghafla na njia inaanza kuteremka kwenda bonde la Rukwa, upande wa Kaoze. Huko anajulikana kwa jani moja. Analichemsha kwenye chungu chake maalumu, na maji yake anaoshea vidonda vya miguu, vile vya mkulima aliyejikata na jembe akaendelea kulima. Jina la jani silitaji hapa. Nimeshamharibia vya kutosha.

Daktari alimweleza kwa heshima kwamba wao hawaji kumnyang'anya kitu, wanataka kupima tu, na majibu atarudishiwa yeye wa kwanza. Mimi natafsiri. Mama mkwe Kiswahili anakielewa, ila cha kitaalamu kinamchosha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa Kifipa:

"Baba, hiyo mashine yao inajua jike na dume?"

Jani hilo, kwa maelezo yake, liko la aina mbili. Jike lina kikonyo chekundu na linaota kwenye mawe ya mteremko tu. Dume lina kikonyo cha kijani na linaota popote, hata kwenye uchafu. Ukiliangalia haraka ni lilelile. "Dume halina kitu," alisema. "La kulishia mbuzi."

Sasa sikilizeni. Daktari alikuwa amenigeukia, kalamu mkononi, anasubiri. Na mimi Profesa nikaona aibu. Niliona mama mkwe wangu ataonekana mshamba, anaongelea majani kama anaongelea kuku. Nikatafsiri hivi: "Anasema majani haya yanapatikana sehemu nyingi."

Daktari akaandika.

Siku hiyohiyo mama mkwe alileta tawi kutoka mteremkoni, na Daktari akalilaza katikati ya magazeti na kulifunga kwa ubao, liwe kielelezo cha kutambulisha mmea. Tawi hilo lilikuwa la jike. Likumbukeni. Halafu Daktari alikuwa na ratiba ya kwenda Kasanga na Kabwe kukusanya mengine ya huko ziwani, kwa hiyo akaniachia kazi: nirudi kuchuma majani ya kutosha kiroba kimoja, niyaanike kivulini siku hiyohiyo, niyageuze asubuhi na jioni mpaka yavunjike kama karatasi, niyafunge kwenye mfuko aliouandika namba nne, niyatume kwa basi. "Yasikae na unyevu kwenye kiroba, Deo, hata usiku mmoja," alisema. Niliyaandika maelekezo yote kwa mwandiko wangu bora na kuyabandika ukutani maabara. Bado yapo.

Ijumaa nikarudi kijijini. Nilidhani mama mkwe atanielekeza mahali. Alichukua fimbo yake akatangulia.

Kuchuma jani lile kuna utaratibu. Hakuna maongezi kuanzia unapoona mmea wa kwanza. Na ule wa kwanza hauchumwi. Unaugusa, unapita. Mama mkwe aliugusa kwa viganja vyote viwili kama anavyogusa kichwa cha mtoto, akapita, na mimi nikaugusa nyuma yake kwa kidole kimoja, nikiangalia saa. Saa mbili nzima alichuma jani mojamoja. Goti lake la kulia linamsumbua tangu mwaka juzi. Wakati wa kupanda alikaa chini mara tatu, na kila mara alijifanya anafunga kitenge upya. Mimi mkwe nikajifanya naangalia mawingu. Ndivyo tunavyoheshimiana.

Manyunyu yakaanza. Nikakifunga kiroba kwa kamba kikakaza, majani yakiwa na maji. Bodaboda mpaka mjini. Nilifika jioni nimechoka, nikakitupia stoo ya maabara, nikasema kesho asubuhi mapema nayaanika.

Jumamosi asubuhi mapema nilikuwa kijiweni nikieleza utafiti wetu. "Utafiti wetu," ndivyo nilivyosema. Mchana walimu wawili wakataka kusikia tena. Jumapili baada ya Misa wakapatikana wengine. Nilieleza jinsi majani yanavyolowekwa kwenye spiriti, yanavyochujwa, spiriti inavyofukuzwa kwa joto la chini ikabaki rojo ya kijani, na kwenye rojo hiyo ndimo tunamotafuta kilichomo. Nilieleza vizuri mno. Wakati naeleza, majani yenyewe yalikuwa stoo, yamefungwa kamba shingoni.

Jumatatu nilifungua kiroba. Joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu. Meusi, yanateleza, yananuka pombe iliyolala. Nilitumbukiza mkono mpaka chini nikitafuta hata konzi moja nzima. Hakuna.

Kilichotakiwa hapo ni sentensi moja. Mama, yameoza, tuchume tena. Au, Daktari, yameoza, nipe wiki. Nilizipima zote mbili mdomoni. Nikaliona lile goti. Nikaiona sura ya mkuu wa shule. Nikamwona Profesa, mtu mzima, ameozesha majani kama mtoto aliyesahau mboga kwenye begi.

Nyuma ya goli la uwanja wa shule yetu, upande wa choo, jani lilelile limejaa. La kikonyo cha kijani.

Nilijiambia kisayansi kabisa: mmea ni mmea. Jike na dume ni imani za wazee. Umbo la jani ni lilelile, harufu inakaribiana, mashine haijui nimechuma wapi. Nusu saa nikawa nimejaza kiroba. Hapakuwa na wa kwanza wa kugusa na kupita, nilianza na huohuo. Na niliongea muda wote, nilikuwa na simu sikioni.

Halafu niliyaanika. Wenzangu, sijawahi kukausha majani vizuri kama nilivyoyakausha yale ya uongo. Kivulini, juu ya turubai safi, asubuhi nageuza, jioni nageuza, mengine jani mojamoja. Yalitoka ya kijani, makavu, mazuri ya kupigia picha. Mfuko namba nne. Mahali: mteremko. Aliyekusanya: Deogratias. Daktari alinipigia kunishukuru. Alisema ni mfuko uliokauka vizuri kuliko yote ya mkoa.

Nikasema ahsante, daktari.

Mwezi wa tano alinitumia kwa simu ukurasa wa rasimu ya ripoti yake, sehemu ya shukrani. Lilikuwemo jina langu na mbele yake "Bwana", na nyuma yake "mtaalamu wa maabara". Nilikwenda kuuchapisha. Kisha nikaupiga lamineshi. Nimetembea nao kwenye mfuko wa shati wiki tatu, na mtu akiniuliza saa nilikuwa nautoa kwanza huo ndipo natoa simu.

Majibu yakaja Jumatano ya wiki iliyopita.

Daktari alitimiza ahadi, aliyaleta mwenyewe, mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walijaa, mavuno yanaisha na wana nafasi. Mama mkwe alikaa mbele kwenye kigoda, kitenge kipya. Daktari alieleza kwa upole mno, alizunguka, alisema sayansi haimdharau mtu, alisema hiki ni kipimo kimoja tu. Lakini mwisho ilibidi aseme: waliyakamua majani kwa spiriti na kwa maji, wakaweka rojo yake kwenye visahani vyenye vijidudu vya vidonda, na vijidudu vikaendelea kuzaana kama kawaida. Hakikuonekana kitu cha kuzidi maji ya bombani.

Akanigeukia nitafsiri.

Mimi ndiye niliyeyasema. Kwa Kifipa, kwa sauti ya kufika nyuma, mbele ya mama wa mke wangu. Nilichagua maneno mazuri, hata kwenye mambo kama hayo napenda kusifiwa.

Kisha mtendaji wa kijiji, mtu asiyeweza kuacha kimya kipite bure, akasema, "Kwa hiyo miaka yote tunaoshwa na mchicha!"

Wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka tu, kama watu waliotoka shamba. Mmoja akadakia, "Mama, ungetuambia tuje na ugali!"

Mama mkwe alisimama, akachukua kigoda chake mkononi. Alisema, "Haya. Mashine imesema." Akaondoka na fimbo yake, akipita upande ule ambao watu walikuwa wachache.

Na mimi, mtanisamehe au hamtanisamehe, nilimsaidia Daktari kukunja nyaya za vifaa vyake.

Jumamosi iliyofuata mimi na Skola tulikwenda kumsalimia, maana Skola alisikia mama yake halali. Ofisi hainisumbui, shule hainisumbui, lakini ua ule wa mama mkwe siku hiyo niliuingia kama naingia polisi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibuni." Uso wake ulikuwa wa kawaida. Tukakaribishwa chakula.

Mafigani, pale nje chini ya upenu, kilikuwa kimeinjikwa chungu cha dawa. Kile chenye ufa mdogo mdomoni. Miaka kumi na miwili nimeoa pale sijawahi kuona kinaguswa na kitu kingine zaidi ya majani na maji. Hata mjukuu akikichungulia alikuwa anafukuzwa. Siku hiyo kilikuwa na maharage.

"Kilikuwa kimekaa bure," mama mkwe alimwambia Skola. "Nikaona kifanye kazi."

Tukapakuliwa. Nilikula. Mnataka kujua? Yalikuwa matamu, na niliongezwa, na sikukataa, kwa sababu mkwe hakatai.

Nilipotoka kunawa nikaona kwenye jaa, nyuma ya nyumba, fungu la majani makavu yaliyokuwa yakining'inia darini jikoni kwake. Ametupa. Vikonyo vyekundu. Nikaangalia huku na huku nikachukua konzi moja nikatia mfukoni, mfuko wa shati, pamoja na lamineshi.

Jumatatu, darasa lilipotoka, nilijifungia maabara mchana kweupe kama mwizi wa mtihani. Nikasaga majani ya jaani, nikasaga ya nyuma ya goli, nikaloweka kila moja kwenye bika lake, spiriti sawa, muda sawa. Nikachuja, nikamimina kwenye mirija miwili ya kioo. Mrija wa kushoto dume, wa kulia jike. Halafu nikadondoshea feri kloraidi, kemikali ya kupimia, matone matatu kila mrija, kama nilivyoona walimu wanafanya mara elfu.

Wa kushoto ukawa kama maji ya kuoshea mboga.

Wa kulia ukawa mweusi. Mweusi wa wino, tone la kwanza tu, unashuka chini kama pazia.

Nisiwadanganye, nimeshadanganya vya kutosha mwaka huu. Weusi ule unaonyesha tanini, ule ukakasi wa majani, na tanini iko hata kwenye chai. Haimaanishi jani linaponya. Labda nalo likipelekwa kule kwenye visahani vijidudu vitaendelea kuzaana. Sijui. Kitu kimoja tu nilikijua pale nimesimama na mirija miwili: haya si majani mamoja. Mama mkwe alijua kwa macho, bila shule, bila kuosha chombo cha mtu, na aliuliza wazi kabisa siku ya kwanza kama mashine inajua. Swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Nililimeza mimi.

Niliiosha ile mirija mara nne.

Alhamisi nikampigia Daktari. Nilikuwa nimejiandalia utangulizi mrefu, kuhusu mvua, kuhusu changamoto. Nilipotaja tu majani ya mama mkwe, alinikatiza.

"Deo, mfuko namba nne. Ulichuma wapi?"

"Nyuma ya goli, daktari."

"Goli gani?"

"La uwanja wa shule. Upande wa choo."

Kisha akasema, "Na pale mezani nina tawi lake kwenye magazeti, kikonyo chekundu. Nimelipita kila siku. Sikulilinganisha kwa sababu mfuko wako ulikuwa umekaushwa vizuri." Sauti yake haikupanda. "Unajua nimekwenda kumwambia bibi wa watu dawa yake ni maji?"

"Nilikuwepo, daktari. Nilitafsiri."

"Ndiyo. Ulitafsiri."

Alisema matokeo ya mfuko namba nne anayafuta na ataandika kwa nini. Jina langu anatoa kwenye shukrani. Nikasema ni haki. Akasema, "Sikuulizi kama ni haki." Kisha: "Nitarudi mimi mwenyewe kuchuma, akikubali. Lakini kabla sijaja, pale ulipomsemea vile, ukasemee tena."

Ijumaa nikamwambia Skola. Nilimwambia yote, toka kiroba mpaka choo. Alikuwa anachambua mchele. Alichambua mpaka nikamaliza, akainua kichwa akasema neno moja tu mpaka leo:

"Na ukala yale maharage."

Leo basi. Tulikwenda kusali kule kijijini. Padri hafiki kila Jumapili, ibada anaongoza katekista, na mwisho wa ibada kuna matangazo. Nilimfuata kabla haijaanza, nikamwambia nina tangazo.

"La nini?"

"La majani."

Alinitazama juu ya miwani. "Kuna ndoa mbili, kuna usafi wa makaburi, kuna mbuzi wa mzee kapotea. Wewe utakuja baada ya mbuzi."

Nikaja baada ya mbuzi. Nilisimama mbele pale, na safari hii hakuna aliyesema kwanza ili nimtafsirie. Kifipa changu kilichosifiwa kikanikimbia, nikasema kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Kwamba majani aliyochuma mama niliyaozesha kwa domo langu. Kwamba niliyopeleka kwa Daktari nilichuma nyuma ya goli, majani dume. Kwamba mashine ilipima choo cha shule na ikasema kweli. Kwamba mama hakusema uongo, mwongo aliyesimama pale ofisini alikuwa mmoja na ndiye huyu.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Mtendaji aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu kwenye kitabu cha nyimbo.

Nje, watu walitupisha. Mama mkwe alinijia, fimbo mkononi, akasimama mbali kidogo, umbali ule wa wakwe. Aliangalia viatu vyangu.

"Yale tuliyochuma siku ile yako wapi?"

"Shimo la taka la shule, mama."

"Yalioza."

"Yalioza."

Upepo ulikuwa unapeperusha pindo la kitenge chake, naye hakukishika.

"Ungeniambia yameoza," alisema. "Ningeshuka tena."

Basi. Hakuongeza sauti, hakunilaani. Mimi nilikuwa nimebeba kwenye akili yangu goti lake miezi minne kama sababu, na yeye alikuwa tayari kushuka tena na goti hilohilo siku ambayo ningefungua mdomo.

Nikajitia kimbelembele, nikasema nitakisugua kile chungu, kazi yangu ni kuosha, nina soda, nina majivu, nina asidi shuleni inayong'oa chochote. Alitikisa kichwa.

"Kimeshaonja chumvi, Deo. Hakioshwi."

Miaka kumi na miwili ananiita baba, kama mama mkwe anavyomwita mkwe. Leo ameniita Deo. Sijajua kama nimeshushwa au nimesogezwa, na sina uso wa kuuliza. Skola angejua, lakini Skola ana mabakuli yake yaliyotulia.

Kuhusu Daktari, mama mkwe alimwambia Skola, mimi nikiwa nimesimama palepale: "Aje. Aje mwenyewe, tutaelewana kwa mikono. Asilete wa kumsemea."

Lamineshi nimeiweka kwenye droo ya misumari. Nilijaribu kuichana, haichaniki. Laiti ningeyapiga lamineshi majani.

Nusu saa iliyopita Skola alikuja mlangoni. Alisema, akiangalia ukuta, kwamba chungu kipya cha dawa hakinunuliwi tu gulioni, kuna mama mfinyanzi kule jirani na kwao, anaambiwa ni cha nini, anakichoma peke yake. Anayekipeleka anatembea kwa miguu, na tangu anakipokea mpaka anakiweka chini haongei na mtu. Akisalimiwa, anainamisha kichwa anapita. Watu wanaelewa.

Kisha akarudi jikoni.

Nimeshamwandikia mkuu wa shule kuomba ruhusa ya kesho. Sababu: kwenda kuagiza chungu. Kitakapokuwa tayari nitakibeba mimi. Kutoka kwa mfinyanzi hadi ua wa mama mkwe kuna vilima viwili na kijiwe kimoja chenye watu wanaonifahamu, wote wameshasikia tangazo, na watataka nisimame niwaeleze.

Hivi nitaweza?